Damu ya mzazi haionwi na jua: yaliyonikuta Voi baada ya kujifungua

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine hamjambo.

Mimi humu ni msomaji wa kimya. Leo nimeandika kwa sababu ya yule binti aliyeuliza juzi kama mzazi akalie beseni la maji moto na majani, akajibiwa na wanaume watupu.

Haya ni yangu mwenyewe, sikuhadithiwa. Aliye mezani amalize kula kwanza.

Ilikuwa miaka ya sabini. Niliolewa na kijana wa reli, tukakaa kwenye nyumba za wafanyakazi hapa Voi, chumba kimoja na jiko. Mtoto wetu wa kwanza, Mwakio, nilimzalia hospitali. Nilichanika kidogo, nikashonwa, nikaruhusiwa.

Mama mkwe akaja kunitunza. Alitoka Njukini kwa treni ya Taveta, na maharagwe, kuku hai na furushi la majani. Kuku walikuwa wa supu yangu. Majani pia yalikuwa yangu, ila sikujua yanapita wapi.

Mama alikuwa na sheria zake. Mzazi hatoki nje mpaka arobaini iishe. Mzazi anakalia beseni asubuhi na jioni, maji yakiwa moto wa kukukumbusha dhambi zako.

Halafu ile kubwa: damu ya mzazi haionwi na jua.

Wakati huo pedi za dukani zilikuwa za wake za mabwana. Sisi tulichana leso kuukuu. Mama alivifua vitambaa vyangu kwa mikono yake, hakukubali mtu mwingine avishike. Kisha alivitundika kwenye kamba nyuma ya kitanda na kuvifunika na shuka, hata baba Mwakio asivione.

Wakuu, hii ni Voi. Shati linakauka kabla hujamaliza kuanika suruali. Lakini vitambaa vyangu vilikuwa vibichi kila siku, na nilivivaa hivyo hivyo.

Baada ya muda nikaanza kunuka.

Leo nasema bila aibu, mimi ni mzee. Siku zile hakuna aliyesema. Mama aliongeza majani. Akaongeza moto. Akaazima udi kwa jirani yetu Mama Salim, na nyumba ikanukia harusi juu na kitu kingine chini. Baba Mwakio ghafla akawa mtu wa kupenda zamu za ziada.

Ikaja homa. Natetemeka ndani ya blanketi, na nje mbuzi wanagombania kivuli. Tumbo la chini liliuma hata kumshika mtoto nikashindwa. Niliogopa sana. Niliona namwacha Mwakio kabla hajaujua uso wangu.

Adhuhuri moja mama alikuja kunibadilisha kitambaa. Akakishika. Akakinusa. Akakaa kitako sakafuni.

Alipoinuka alivaa viatu vyake vya kanisani.

"Mama Mwakio, amka. Twende hospitali."

"Na arobaini, mama?"

"Arobaini itatungoja hapa hapa."

Hospitali nikalazwa, nikatundikiwa drip, nikaanza kudungwa sindano za penisilini. Muuguzi alisema mshono umeoza na infection imepanda mpaka kwenye kizazi. Kisha akauliza, "Vitambaa mnaanika wapi?"

Mimi nikaangalia ukuta. Mama akajibu mwenyewe, kwa sauti ndogo, "Nyuma ya kitanda."

Nilitegemea kelele. Muuguzi hakupiga kelele.

"Mama, kitambaa kibichi kinafuga vijidudu. Ukishafua, chemsha, anika juani kikauke kabisa, piga pasi. Na hayo majani ninayoyanusa muyaache. Kidonda kinataka usafi, hakitaki kupikwa."

Akatueleza na mengine. Kunawa mikono kwa sabuni kabla na baada ya kubadilisha. Kujiosha nje tu, kwa maji safi, kutoka mbele kwenda nyuma. Kutoingiza kitu chochote ndani, iwe chumvi, majani au sabuni. Na mume asubiri mpaka upone.

Mama aliuliza swali moja tu. "Mtu akinuka hivi, akaletwa mapema, anapona?"

"Wengi wanapona, mama."

Muuguzi alipoondoka, mama akakaa ukingoni mwa kitanda changu. Baba Mwakio alikuwa na dada, Wakesho. Mimi sikumkuta. Kwa miaka yote niliambiwa alirogwa akiwa mzazi, akafa.

"Wakesho alinuka hivyo hivyo," mama akasema. "Na mimi ndiye nilikuwa nikimfulia."

 

Niliporudi nyumbani, asubuhi ya kwanza mama alichemsha vitambaa vyote. Akabeba karai mpaka kwenye kamba ya mbele, pale wanaume wa reli wanapopita kwenda stesheni. Akavianika kimoja kimoja. Madoa yalikuwa bado yanaonekana, damu haitoki yote.

Kisha akaweka kigoda kando yake, akakaa.

Mama Salim akaja mbio. "Mama, watu wataona!"

"Waone. Na jua lione."

Baba Mwakio akatoka zamu. Akasimama mbele ya ile kamba kama treni iliyonyimwa ishara, halafu akaingia ndani akiangalia viatu vyake.

Mimi nilikuwa mlangoni na mtoto, arobaini haijaisha. Nilimwona mama akiinuka na kuvigeuza, upande huu, upande ule, machozi yanamtoka na hayafuti. Vilikuwa vimekauka zamani. Aliendelea kuvigeuza.

Kwa hiyo binti, jibu lako ni hapana, beseni liache. Harufu ya uozo sio "kawaida ya mzazi". Ukiona hiyo, au homa, au tumbo la chini linauma, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mama mkwe akikataa, msomee uzi huu.

Akina mama, leteni yenu, hapa hakuna wa kumcheka mwenzake.

Wanaume mliojibu juzi, nanyi karibuni. Ila anzeni na hili: kwako nyumbani, vitambaa vya mzazi vinakaukia wapi?