Chumba cha Pili cha Lorraine

Kwa miaka ishirini na sita Lorraine Tranter alilipwa kwa kutafuta makosa kwenye mazulia. Zulia likitoka mashineni, yeye na wenzake walilitandaza juu ya meza chini ya taa kali, wakalipapasa kwa vidole mpaka wapate mahali uzi ulipokosekana, kisha wakashona kwa sindano iliyopinda hadi hata aliyelifuma asijue palikuwa na tundu. Kiwanda chao, katika mji wa Kidderminster huko Uingereza, kilipofungwa, mwezi wa Januari, alikuwa na miaka hamsini na nane. Vidole vyake vilikuwa vizima na macho yake makali, lakini katika mji mzima hapakuwa tena na mtu mwenye haja navyo.

Kiinua mgongo alikila taratibu kwa miezi tisa huku akiomba kazi kila mlango. Supamaketi walisema watampigia simu. Makao ya wazee walisema hana cheti. Mwezi wa Oktoba alivaa koti lake zuri kama anayekwenda kanisani, akaenda maktaba, akachagua kompyuta ya pembeni kabisa ili asionekane, na akajaza fomu za kuomba msaada wa serikali. Marehemu mama yake alikuwa akisema msaada ni wa wavivu. Lorraine hakuwahi kuamini maneno hayo juu ya watu wengine, ila siku hiyo alijikuta akiyaamini juu yake mwenyewe.

Alisubiri wiki tano. Fedha zilipoingia, hazikutosha kodi ya nyumba. Alikwenda ofisi ya ajira kumwona afisa aliyepangiwa, binti mpole aitwaye Hollie, akamwuliza kama hawakukosea hesabu.

"Hatukukosea, mama," Hollie alisema. "Uko peke yako, kwa hiyo tunakulipia pango la chumba kimoja. Nyumba yako ina viwili."

"Kile cha pili ni cha cherehani."

"Najua, mama. Lakini cherehani hatuilipii."

Walicheka wote wawili, na Lorraine alirudi nyumbani akiwa na pengo la pauni mia na sabini kila mwezi. Akaliziba kwa fedha ya chakula. Alizima mtambo wa kupasha nyumba joto, akawa anakaa na blanketi mabegani tangu asubuhi. Binti yake akipiga simu kutoka Australia na kumwuliza amekula nini, Lorraine alitaja chakula alichowahi kukila mwaka uliopita. Kodi haikuchelewa hata siku moja.

Mwenye nyumba alikuwa Bwana Sahota, dereva wa basi mstaafu, mtu wa kilemba cha samawati na sauti ya kuita abiria. Kila baada ya Krismasi alikuja kukagua mitambo ya joto. Mwaka huo aliingia na mfuko wa mchicha uliopikwa na mkewe, akapiga hatua mbili, akasimama.

"Mwanangu, humu ndani ni baridi kuliko nje. Mtambo umekufa?"

"Haujafa."

"Sasa?"

Lorraine alitazama mfuko wa mchicha. Alikuwa amejiandaa kusema kwamba anapenda hewa safi. Badala yake machozi yalimtoka, na yote yakatoka pamoja nayo: kiwanda, fomu, pengo. "Usinitoe, Bwana Sahota," alisema. "Nimekaa humu miaka kumi na nne."

"Nani kasema kukutoa?" Mzee alivuta kiti akaketi bila kuvua koti. "Nisikudanganye, kodi siwezi kupunguza. Nyumba hii bado nadaiwa na benki. Lakini una chumba kizima kinalala na cherehani. Weka mtu."

"Watanikata msaada."

"Umewauliza?"

"Hapana."

"Unaogopa kuuliza, lakini kufa kwa baridi huogopi! Lete karatasi."

Akaandika hapo hapo mezani, kwa herufi kubwa, kwamba yeye mwenye nyumba amemruhusu Bi. Tranter kupangisha chumba kimoja. Akatia sahihi mara mbili, moja ya ziada, kwa usalama. Kisha akamwamuru awashe joto na ale mchicha yeye akimtazama.

Katika ofisi ya ajira Hollie aliisoma barua na uso wake ukachangamka. "Mpangaji wa chumba hatumhesabu kabisa, mama. Atakachokulipa ni chako. Unaye mtu?"

Lorraine alikuwa anataka kusema hana, alipogeuka akamwona Gaynor Pugh kwenye viti vya kusubiria.

Gaynor alikuwa ameshona naye meza moja miaka kumi na saba, na katika hiyo, miaka tisa ya mwisho hawakusemeshana. Mkasi walipeana kwa kuusukuma juu ya zulia. Sasa alikuwa amekaa na sanduku la nguo miguuni. Mwenye nyumba wake alikuwa ameuza jengo, na tangu Novemba alilala kwenye kochi la mpwa wake.

Lorraine alimwendea.

"Gaynor."

"Kumbe ulimi unao."

"Nina chumba."

"Na mimi nina kiburi." Gaynor alitazama sanduku lake, halafu akatazama ukuta. "Bei gani?"

"Mia na sabini."

"Kina dirisha?"

"Kina dirisha na cherehani."

"Cherehani itoke," alisema Gaynor, akasimama.

Alihamia Jumapili mchana. Walikuwa wamebeba cherehani kuishusha ngazi, mmoja mbele mmoja nyuma, Gaynor alipoisimamisha njiani.

"Hukuja kumzika mama yangu."

Lorraine alikuwa chini, uzito wote kifuani. "Nilikuja," alisema. "Niliishia getini. Mume wangu Keith nilikuwa nimemzika miezi minne kabla, kanisa lile lile. Miguu ilikataa kuingia."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umeshakasirika."

"Miaka kumi, Lorraine! Ningekuwa nimekusamehe kabla wiki haijaisha, mjinga wewe! Nilidhani hukumjali. Alikuwa anakupenda, alikuwa anakufumia soksi."

"Bado ninazo."

"Shusha hili dude kabla sijalia nikaliachia."

Walilishusha. Kisha walikaa ngazi ya mwisho, wamebanana kwa sababu ni nyembamba, na Gaynor akatoa leso, akapangusa macho yake kwanza ndipo akampa mwenziwe.

Gaynor naye alilipiwa chumba chake na msaada huo huo, naye akalipa kila tarehe mosi. Walipikiana kwa zamu na kugombana kuhusu chumvi. Ijumaa walinunua viazi vya kukaanga, sahani moja, uma mbili. Mwezi wa Aprili Lorraine alipata kazi ya masaa machache katika jiko la shule ya msingi. Siku ya kumpa Hollie habari alivaa koti lake la kila siku, akaketi kiti cha katikati. Kadiri mshahara ulivyopanda, msaada ulipungua, na kodi ikaendelea kulipwa, kidogo kutoka huku na kidogo kutoka kule.

Lorraine hakumwuliza Gaynor atahama lini, na Gaynor hakusema. Ila mwezi wa Juni walikwenda pamoja dukani kuchagua godoro, kwa sababu lile la zamani lilikuwa linamuumiza Gaynor mgongo.