Fundo Linalofunguka Upesi

Mara ya kwanza tulipopanda lile jabali lililo ng'ambo ya mashamba ya Litapunga, kosa letu lilikuwa fundo lililokaza mno. Nilimfunga shemeji yangu, kaka wa mke wangu, kamba ya nailoni ya kufungia turubai la lori, nikaishika kutoka juu, na alipofika fundo likagoma. Shemeji alikuwa amekunywa maziwa mgando mengi asubuhi na alikuwa na haraka ya kwenda kichakani. Tulihangaika kwa kucha, tukahangaika kwa meno, mwishowe tukatumia panga.

Mimi ni mtu wa chuo kikuu. Kosa likitokea nataka lizae funzo. Nikatangaza kwamba safari ijayo tutatumia fundo linalofunguka upesi. Shemeji ni mfugaji, na fundo hilo analo mkononi tangu utotoni. Akanionyesha zizini kwake: ng'ombe avute anavyoweza, halifunguki, lakini wewe ukivuta ule mkia wa kamba ulioachwa unaning'inia, mnyama yuko huru. Nililifanyia mazoezi kwenye mguu wa meza hadi nikalifunga nimefumba macho. Ncha ya mkia nikaitia kifundo kidogo isifumuke. Napenda kazi nadhifu.

Safari ya pili mke wangu akasema naye anapanda, amechoka kubaki chini akilinda hotpoti la wali. Nikamzungushia kamba kiunoni na fundo nikaliweka mgongoni, lisimuumize akiegemea jabali.

"Ng'ombe wa mahari ulishatoa," akasema. "Sasa unanifunga ili iweje? Unanirudisha?"

"Asikurudishe," kaka yake akasema. "Wale ng'ombe walishaliwa."

Sisi wawili tukazunguka kwa njia ya mbuzi iliyo nyuma, tukiwa na hotpoti, mkoba na ncha ya pili ya kamba. Juu pana mti mmoja. Video za kwenye simu zilikuwa zimenifundisha kwamba anayeshika kamba naye afungwe, kwa hiyo nikajifunga kwenye ule mti kwa ncha hiyo ya pili. Fundo jipya nilikuwa nimelitunza kwa ajili ya mke wangu. Mimi nikajifunga lile la zamani.

Alianza vizuri. Alipanda kama anayepanda ngazi za kanisani, bila haraka, na shemeji akaninong'oneza nimtazame mwenzangu, hahemi kama mimi. Alipofika katikati, pale jabali linapotoa tumbo, nikauona mkia wa kamba. Ulikuwa umeingia kwenye ufa nyuma yake, kile kifundo changu nadhifu kikanasa, na kila alivyopanda ndivyo mkia ulivyozidi kunyooka.

"Simama," nikasema.

"Hapa?"

"Hapo hapo. Usiinue mguu."

"Mguu wenyewe unatetemeka. Kuna nini?"

Hapo ndipo maandalizi yangu yalipoishia. Nimwambie apeleke mkono mgongoni, wakati mikono yote miwili ilikuwa imeshika jiwe?

"Rudi chini kidogo," nikasema.

"Sioni pa kukanyaga. Vuta, basi."

Shemeji akauliza kwa sauti ya chini kama ashuke. Angemporomoshea mawe. Kamba nyingine hatukuwa nayo; kile kipande kilichobaki safari ya kwanza kilikuwa nyumbani kwake, shingoni mwa fahali.

Mke wangu akachoka kungoja. Akainua mguu, na mikononi mwangu kamba ikawa nyepesi.

Ilimteleza kiunoni ikabaki ikining'inia kando ya bega lake. Aliitazama. Hakuishika, ingemgharimu mkono. Akainua uso akanitazama mimi, na sikuona hasira. Alikuwa anataka kujua tu kama nina la kufanya.

Nilitaka nisogee ukingoni, fundo la kwenye mti likanikamata kiuno. Nikalishika kwa kucha, halikwenda. Nikainama nikaling'ata. Chini yangu nilisikia viatu vyake vikitafuta jiwe, vikikosa, vikitafuta tena, na mimi mdomo umejaa nailoni. Kati yetu, aliyefungwa vizuri siku ile nilikuwa mimi.

Shemeji alilala kifudifudi ukingoni akanyoosha mkono. "Njoo, mdogo wangu. Usitazame chini. Bado kidogo." Ile bado kidogo aliirudia hadi sikuweza kuisikiliza. Kisha vidole vikaonekana, kikafuata kiganja, na akamvuta.

Mke wangu akakaa chini. Magoti yake yalikuwa yanavuja damu. Aliivuta kamba yote juu, akaugeuza mkia mkononi, akakiona kile kifundo.

"Nyie wawili," akasema, "mmenifunga kama ndama."

Shemeji akainamisha kichwa. Mimi nilikuwa bado napambana na mti. Mke wangu akaona nataka kufunguliwa.

"Mwache hapo kwanza," akamwambia kaka yake, akafungua hotpoti.

Walikula taratibu. Panga lilikuwa mkobani, karibu na goti lake. Sikuliomba.