Wakili Aliyemsikiliza Mama Mdogo Sasa Anatetea Shemeji Zake

Admin, naomba unifiche, na ninyi mnaosoma msijisumbue kunitafuta, mambo kadhaa nimeyageuza makusudi. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, nimeolewa, nina ofisi ya uwakili hapa Mbinga mjini. Kwetu hasa ni kule chini ziwani, upande wa Nyasa. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mtanivumilia.

Chama chetu cha mawakili kina wiki ya msaada wa kisheria. Mnatuona tukipita na fulana zinazofanana, tunatembelea gereza, tunapanda miti, tunacheza mpira, mwisho tunavaa suti na kula chakula cha jioni. Nilikuwa naipenda sana hiyo wiki. Mwaka huu niliwabana wenzangu mpaka wakakubali tushuke ziwani, tusiishie mjini na gereza la Kitai kama kawaida. Nikampigia mama mdogo simu mimi mwenyewe, nikamwambia aje, atasikilizwa bure.

Mama mdogo ni mjane. Anaishi kwenye kiwanja kilicho karibu na maji, na hapo ndipo vilipo vichanja vyake vya kuanikia usipa, wale dagaa wa ziwani, kazi inayomlisha. Marehemu mumewe alimpa kiwanja hicho kwa mdomo, mbele ya jirani mmoja. Shemeji zake wanakitaka wamuuzie mtu anayejenga nyumba ya wageni, ila walikuwa wanamhofia yule jirani. Alihamia Malawi, na walijua siku akirudi atasema alichosikia. Kilichowazuia ni hicho tu.

Sasa pale kwenye meza zetu za msaada, chini ya turubai, tuna utaratibu kwamba huruhusiwi kumhudumia ndugu yako. Nikautii, mjinga mimi. Nikampeleka kwa mwenzetu mmoja, kiongozi wetu wa mkoa, mtu wa kuja, Kinyasa hakijui hata cha kusalimia. Mama mdogo naye Kiswahili chake ni cha sokoni, jambo zito analisema kwa Kinyasa. Ikabidi nikae katikati nitafsiri. Kabla hajaanza aliniuliza kama huyu baba anaaminika. Nikamjibu anaaminika kuliko mimi. Ndipo akatoa jambo ambalo hata mimi sikulijua: yule jirani alishafariki hukohuko Malawi, habari zilimfikia kimyakimya na hakumwambia mtu. Alitaka kujua, bila yeye, atasimamia nini. Nikalitamka lote kwa Kiswahili, sikuacha kitu. Yule bwana akatikisa kichwa kwa huruma, akampa maelezo mazuri tu, halafu akamwambia, "Mama, hilo la jirani usimwambie mtu mwingine yeyote."

Haukupita muda, shemeji zake wakafungua kesi baraza la ardhi la wilaya. Wakili wao nani? Huyohuyo. Na kwenye madai wameandika waziwazi kwamba shahidi pekee wa mama mdogo alishakufa.

Nilimfuata kwenye bonanza letu Songea. Alikuwa ametoka kucheza, taulo shingoni, anakunywa maji. Hakukana, na aibu hakuona. Alinijibu huku anatabasamu, "Msomi, yule hakuwa mteja wangu. Sikumfungulia jalada. Ule ulikuwa msaada tu."

Jamani, msaada tu! Kwa hiyo mwenye uwezo wa kuja ofisini ndiye mwenye siri, na anayekuja kwenye turubai letu kwa sababu hana kitu, siri yake ni mali ya yeyote aliyekaa mezani? Nilimwambia hayo kwa sauti na watu wakageuka. Dada mmoja ninayemheshimu, aliyenifundisha kazi hii, akanivuta pembeni. Akasema nisiharibu shughuli, wasomi hawavuani nguo mbele za watu, tuyamalize ndani. Nikamuuliza ndani wapi, maana humo ndani mama mdogo hayumo. Niliondoka, na baadaye nikaona picha kwenye kundi letu la WhatsApp, wote wanacheka, yeye katikati ameshika kombe.

Najua mtasema nimpeleke kamati ya maadili. Malalamiko nimeshayaandika, yapo kwenye kompyuta. Lakini ili nithibitishe kwamba ameuza siri, lazima niitaje siri yenyewe na aliyeitoa. Mpaka sasa shemeji wanasema jirani amekufa ila hawana wa kuthibitisha, hakuna aliyeona kaburi. Nikiapa kwamba mama mdogo alilisema kwa mdomo wake, nimewamalizia kazi. Na msinianzishie habari za kudanganya baraza, mama mdogo hajasema uongo hata mmoja. Nikinyamaza, huyu bwana mwakani atavaa tena ile fulana, akae mezani, asikilize wajane wengine. Na kumtetea mwenyewe siwezi, maana nilikuwepo pale, naweza kuitwa shahidi.

Jumapili baada ya misa nilishuka kumwona. Nikamsalimia kwa Kinyasa kama siku zote. Akaitikia kwa Kiswahili, "Karibu, wakili. Kaa." Tangu nizaliwe mama mdogo hajawahi kuniongelesha Kiswahili, na hajawahi kuniita wakili. Nikamweleza yote, nikalia, nikaapa kwamba sikumsaliti. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, akitafuta maneno, kama anavyoongea na wageni wanaokuja kununua usipa, "Mimi na wewe sasa tunaongea hiki Kiswahili tu. Hiki hakina mtu wa katikati."

Kesi inaitwa hivi karibuni. Mawakili mliomo humu semeni, lakini zaidi nataka kuwasikia ninyi msio mawakili, ninyi mnaotuletea mambo yenu pale mezani. Yale malalamiko niyapeleke au niyafute? Nishaurini, nimechoka kujishauri mwenyewe.