Mitungi Niliyomwambia Afukize

Mama yangu aliuza maziwa ya ngamia katika soko la Isiolo, na ndugu yangu ndiye aliyemfukizia mitungi. Naanza na kazi hiyo kwa sababu watu wengi wa mtaa wetu wa Bulla Pesa wanamjua ndugu yangu kwa mambo mengine, na mimi mwenyewe kwa miaka mingi nilimjua kwa hayo mengine.

Maziwa ya ngamia hayatiwi tu katika mtungi uliooshwa. Unachukua kijinga cha moto, unakivunja vipande, unavitia ndani ya mtungi wa alumini, unafunga kifuniko na kuutikisa. Kisha unamwaga majivu na kupangusa ndani kwa kitambaa safi. Moto ukizidi, maziwa yanakuwa machungu. Ukipungua, yanaharibika kabla ya adhuhuri. Ndugu yangu hajui kusoma, hesabu yake haivuki kumi, na ukimpa maneno mengi kwa pamoja anaziba masikio. Daktari alituambia zamani kwamba akili yake ilichelewa tangu kuzaliwa. Lakini alikuwa anaweka pua kwenye mdomo wa mtungi, ananusa, anasema "Bado" au "Tayari", na wanawake wa sokoni walikuwa wanaleta mitungi yao kwake.

Mama, ambaye kwa Kiborana tulimwita Ayo, alikuwa na jambo moja alilolitaka: siku atakapokuwa hayupo, mwanawe aweze kutoka nyumbani, abebe mitungi, afike sokoni, arudi, bila kushikwa na mtu. Hakumfundisha kwa maneno. Mwaka wa kwanza alimtangulia njiani. Baadaye wakaenda sambamba. Halafu yeye akawa nyuma, hatua chache, kisha nyingi. Mwisho akawa anasimama kwenye kona ya mashine ya kusaga unga, anamwangalia akivuka barabara peke yake. Ilichukua miaka. Alipopotea mara mbili, Ayo alimtafuta, akamrudisha pale pale alipokosea njia, akamwambia aanze tena kutoka hapo.

Mimi sikuyaona mengi ya hayo. Nilikuwa nimeolewa kijijini Korbesa. Ndoa ilipovunjika nikarudi nyumbani na begi moja, mwanamke wa karibu miaka arobaini aliyeishia darasa la saba. Ndugu yangu nimempita kwa miaka minne. Nilimkuta ni mwanamume mwenye ndevu, anasalimiana na kila mtu njiani kwa sauti kubwa, "Salaam aleikum!", hata na mtu aliyemsalimu dakika tano zilizopita. Watu walimjibu. Wengine walicheka, lakini walimjibu. Mimi nilikuwa naangalia chini. Nilikuwa nimerudi kwa aibu yangu mwenyewe, na nikaona kwamba sauti yake inawafanya watu wageuke wanione na mimi.

Miguu ya Ayo ilipoanza kuvimba na akawa hatoki, kazi ya sokoni ikawa yangu. Siku ya kwanza nilimshika ndugu yangu mkono kuanzia mlangoni.

"Mimi najua njia," akasema.

"Twende tu."

Tulipofika mahali pikapu inaposhusha maziwa kutoka upande wa Gotu, wanawake walikuwa wamekaa kwenye mitungi yao. Mmoja, mnene, mwenye mdomo ambao hakuna anayeuweza, akatuangalia kutoka juu mpaka chini.

"Wewe dada, huyo ni mbuzi wa mnada? Mbona umemfunga?"

Wengine wakacheka. Ndugu yangu naye akacheka, kwa sababu alimpenda huyo mama.

"Anaweza kupotea," nikasema.

"Huyu? Huyu alikuwa anakuja hapa ukiwa bado Korbesa unapika chai. Wewe ndiye utapotea. Mshike vizuri, akurudishe nyumbani."

Sikumwachia. Niliendelea kumshika kila siku, miezi minne. Nilijiambia namlinda na pikipiki. Ukweli ni kwamba nikimshika mkono hakuweza kusimama kusalimia watu. Tulipita haraka. Ayo alikuwa akituona kutoka kitandani tukitoka, na jioni moja akaniambia polepole, "Mwache mkono." Nikasema nitamwacha. Kesho yake nikamshika tulipopita kona, mahali ambapo hangetuona.

Ayo alikufa siku ya Alhamisi asubuhi. Akaoshwa na wanawake nyumbani, na ikaamuliwa azikwe baada ya sala ya adhuhuri. Kwetu wanawake hatuendi makaburini. Wanaume wanabeba jeneza, wanashusha maiti, na kila mmoja anatia udongo mikono mitatu. Ayo alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume.

Mjomba, mdogo wake Ayo, ambaye ndiye dereva wa ile pikapu ya maziwa, alikuja mlangoni kwa wanawake na kuniita kando.

"Na ndugu yako yuko wapi? Tunataka kutoka."

Nikamwambia, "Mjomba, yule haelewi. Atapiga kelele huko. Ataanza kusalimia watu juu ya kaburi. Watu wamekuja kutoka mbali."

Akanitazama kidogo. "Una hakika?"

"Mimi ndiye ninayeishi naye."

Mjomba ni mtu mpole, na siku hiyo alikuwa amechoka kwa kulia. Hakubishana.

Nilikwenda nyuma ya nyumba, kwenye kibanda cha mabati ambapo ndugu yangu hufanyia kazi yake. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, amevaa kanzu nyeupe. Sijui nani alimpa, labda aliitoa sandukuni mwenyewe. Nikamwambia, "Fukiza mitungi yote. Ayo ataitaka jioni."

"Yote?"

"Yote."

Akavua kanzu, akaikunja, akaanza kuwasha moto. Nikatoka na kusukuma komeo kwa nje.

Nilisimama barazani na wanawake wengine jeneza lilipotoka. Wanaume walikuwa wakitamka shahada kwa pamoja, sauti zikaenda zikififia upande wa barabara. Nyuma ya nyumba moshi ulikuwa unapanda, moshi wa kazi, wa siku ya kawaida. Mwanamke aliyekuwa karibu yangu akasema, "Nani anafukiza leo?" Nilijifunika uso kwa mtandio, akadhani nalia kwa ajili ya mama. Nilikuwa nalia kwa ajili ya mama pia, lakini pale mtandio nilikuwa nimeuvuta ili asinione.

Jioni nilifungua komeo. Mitungi kumi na moja ilikuwa imepangwa, safi, tayari. Akaibeba yote na kuipanga mbele ya mlango wa chumba cha Ayo, akakaa chini kando yake.

Asubuhi iliyofuata aliifukiza tena na kuipanga pale pale. Na iliyofuata. Siku za matanga zikaisha, wageni wakaondoka, yeye bado. Nikimwambia twende sokoni anasema, "Naweka za Ayo." Nikitaka kuchukua mtungi mmoja anaukumbatia. Njia yote ile aliyofundishwa kwa miaka, hakutaka tena hata kufika langoni. Nikaazima mitungi kwa jirani, nikaiosha kwa sabuni, nikaenda peke yangu. Yule mama mnene alionja maziwa yangu akatema.

"Hii maziwa inanuka sabuni, dada. Unauza maziwa ama unafulia watu?" Kisha akaacha utani. "Kijana iko wapi?"

"Nyumbani. Amekataa kutoka."

"Tangu lini?"

"Tangu mazishi."

"Alimzika mama yake?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nilisema, "Hapana. Nilimfungia."

Hakunitukana. Nilikuwa namngojea anitukane. Alichukua mtungi wangu wa sabuni, akamwaga maziwa yaliyobaki, akaniambia niende nyumbani.

Nilimpitia Mjomba kwanza. Alikuwa anaosha pikapu. Nikamwambia lote, komeo na uongo wa mitungi. Akaacha maji yakimwagika.

"Nilikuuliza kama una hakika."

"Uliniuliza, Mjomba."

"Na mimi nilipaswa kwenda kumwona mwenyewe. Sikwenda." Akafunga mfereji. "Nitampeleka. Lakini mimi simwambii. Mlango uliufunga wewe. Kamwambie wewe, halafu ndiyo nije."

Nilimkuta ndugu yangu mahali pake, kando ya mitungi. Nikakaa chini mbele yake. Nilikuwa nimepanga maneno machache, kwa sababu najua mengi yanamchosha.

"Ayo alikufa," nikasema. "Siku ile ya moshi. Watu walimbeba wakamzika. Mimi nilikufungia nyuma. Ayo harudi."

Akanusa mtungi uliokuwa karibu, kama anayeuliza kitu huko ndani. Halafu akasema, "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Nilisikia watu. Wanasema maneno ya maiti. Nilisikia wakaenda." Akanyoosha mkono kuonyesha upande wa barabara, upande ule ule. "Lakini wewe ulisema Ayo ataitaka jioni."

Nimefiwa na mama, nimeachwa na mume, na kuna siku Korbesa nililala njaa. Hakuna lililoniingia kama hilo. Alikuwa amesikia jeneza likitoka. Alielewa. Kisha akaweka kando masikio yake mwenyewe akaamini maneno yangu, kwa sababu mimi ni dada yake mkubwa, na kwa wiki tatu alikuwa akinifanya niwe mkweli kila asubuhi, kwa moto na kitambaa.

Alasiri Mjomba akaja. Ndugu yangu alivaa ile kanzu. Akachukua mtungi mmoja mdogo, na Mjomba hakumzuia. Tulipotoka langoni mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye mkono wake, kwa mazoea. Akaushika, akautoa, akaurudisha kwangu taratibu, kama unavyomrudishia mtu kitu alichoangusha. Akatangulia. Mjomba akamfuata kwa nyuma.

Mimi niliishia kwenye kona ya mashine ya kusaga unga. Nikasimama pale Ayo aliposimama, nikamwona akivuka barabara. Akatazama kulia, akatazama kushoto. "Salaam aleikum!" akamwambia mtu wa pikipiki. "Aleikum salaam, mzee!" mtu akajibu.

Walirudi jua likiwa bado juu. Alikuwa na udongo kwenye kucha, na mtungi bado mkononi.

"Alipiga kelele?" nikamuuliza Mjomba, na nikajichukia kabla sijamaliza.

"Alitia udongo mikono mitatu," Mjomba akasema. "Akauliza kichwa kiko upande gani. Nikamwonyesha. Basi."

Ndugu yangu akauweka mtungi pamoja na ile mingine. "Hataki," akasema. "Kuna jiwe. Kuna miiba juu, fisi isichimbe. Ayo hataki mitungi tena."

Kesho yake alfajiri niliamshwa na harufu ya moshi. Alikwenda sokoni peke yake, na yule mama mnene alimpokea kwa vigelegele mpaka watu wa pikapu wakauliza nani anaoa. Sasa anakwenda kila siku. Ijumaa anapitia makaburini kumwombea Ayo dua. Mimi sijaliona kaburi la mama yangu. Ninachokijua ni alichoniambia yeye, jiwe na miiba, na mvua iliponyesha alisema miiba imelala upande, akaiweka sawa.

Hajawahi kunilaumu. Lakini kuna kitu kimebadilika. Zamani nikimwambia maziwa yamefika, alinyanyuka na mitungi. Nikimwambia chai imeiva, alikuja. Siku hizi anaweka chini anachokifanya, ananitazama, na kusema, "Ngoja nione." Kisha anakwenda kuona mwenyewe.