Mama Hakuwahi Kuugua

Mama yangu hakuwahi kuugua. Ukimuuliza hali, hata akiwa ameshika ukuta asianguke, angekwambia, "Niko salama kwa neema ya Bwana." Ng'ombe akifa, "Mungu anajua." Mahindi yakikauka shambani, "Tutakula tu, Mungu hajalala." Huku kwetu, milimani juu ya Mukuyuni, watu wa kanisa huongea hivyo kutwa. Mimi nilikuwa nimechoka nayo. Nauza matunda kando ya barabara pale Kambu, na mteja akiniuliza kama chungwa ni tamu, namjibu kama ni tamu au si tamu, basi.

Julai hiyo niliporudi nyumbani nilimkuta anachambua ndengu huku akihema, na hakuwa amebeba kitu. Nikampeleka zahanati. Daktari alikuwa kijana mpole.

"Shosho, unaumwa wapi?"

"Siumwi, mwanangu. Mungu ni mwema."

"Usiku unalala vizuri?"

"Nalala mikononi mwa Bwana."

Sasa daktari angefanya nini? Akatupa dawa ya kifua, tukaondoka. Njiani nilimfokea, Mungu anisamehe. "Mwaitu, mama yangu, kwani pale ni kanisani unatoa ushuhuda? Yule anatibu ugonjwa, hatibu neema!" Akacheka kidogo, akasema ukitaja ugonjwa kwa mdomo umeupa kiti ukae. Ai! Nilikasirika mpaka nikalia, kwa sababu niliona wazi mama yangu atakufa akituambia yuko salama.

Alfajiri iliyofuata ukungu ulishuka mpaka dirishani, nami nilikuwa katikati, si usingizini, si macho. Niliota mimi ni mdogo, nimefungwa leso mgongoni mwake, nasikia sauti yake ikipita mifupani kabla haijafika masikioni. Tulikuwa tunatembea tu ndani ya weupe ule, hatufiki mahali, wala sikutaka tufike. Maneno yalikuja polepole, moja moja. Ilinichukua muda kujua kwamba hayakuwa ya ndotoni. Yalitoka jikoni, ng'ambo ya ukuta, alikokuwa anawasha moto. Alikuwa anaomba kwa Kikamba, kwa sauti ya mtu anayeongea na jirani kwenye ua.

"Ngai wangu, nikilala chali pumzi inakatika. Wiki ya tatu hii nalala nimekaa kwa kiti. Miguu imefura, ndiyo maana navaa hizi soksi. Moyo unaruka-ruka. Naogopa. Mdomo wangu haujazoea kuwaambia watu maneno kama haya. Mwambie wewe yule daktari."

Sikusonga. Miaka yote hiyo nilidhani anajidanganya, kumbe hakukuwa na kitu asichokijua. Alikuwa na mmoja tu wa kumwambia. Niliumia, sitaficha, kwa kuwa huyo mmoja hakuwa mimi. Kisha nikaamka, nikatafuta kalamu, nikaandika yote nyuma ya bahasha ya dawa.

Saa mbili tulikuwa zahanati tena. Alikuja bila ubishi, nadhani alinionea huruma kwa vile nilivyolia. Kabla hajafungua mdomo kusifu Bwana, nikasoma bahasha yangu: pumzi, kiti, wiki tatu, miguu, moyo. Daktari akaweka kalamu chini. Akainama, akavuta soksi, akabonyeza mguu kwa kidole, na shimo likabaki pale pale. "Huu ni moyo," akasema. "Bado tuna nafasi, lakini mnaenda hospitali kubwa leo, si kesho." Akatoka kutafuta gari.

Tukabaki wawili. Mama alikuwa ananitazama, na aibu ikanishika, maana ni nani husikiliza sala ya mwenzake?

"Nani amekuambia hayo?"

Nikafungua mdomo nikiri. Akainua mkono ninyamaze, macho yamejaa machozi, na kwa mara ya kwanza nikaona jinsi alivyokuwa ameogopa.

"Na nilimwambia asubuhi hii tu," akasema. "Hata chai sijanywa."