Mti Aliojipandia Mume wa Senje

Nilipomaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, nikiwa tayari na mvi, ukoo wetu wote ulinifanya wakili. Barua yoyote yenye mhuri, hata ya chanjo ya ng'ombe, ililetwa kwangu Amalemba, nami niliisoma kwa sauti ya kusikika hadi Uganda.

Ndipo mume wa senje, yaani dada wa baba, akafariki kwake Malava. Marehemu alikuwa amepanda mkaratusi nyuma ya nyumba, na alikuwa akimwonyesha kila mgeni: "Huu ndio utakaowapikia siku yangu ya kuzikwa."

Senje alitaka uangushwe. Binamu mmoja akasema siku hizi kuna sheria ya miti, imebandikwa kwa chifu, na yeye ameipiga picha kwa simu.

"Basi msomi wetu atusomee," senje akasema.

Ile karatasi, ndugu yangu! Kifungu kinakutuma kwa kifungu kingine, hicho kinakurudisha ulikotoka, na "isipokuwa" zimejaa kuliko mchanga wa mto Isiukhu. Sikuelewa hata mstari mmoja. Waombolezaji wote walinitazama.

"Sasa? Shoka liko tayari," senje akasema.

Ningesema tu sijui. Badala yake nikakohoa kama hakimu. "Senje, ukiugusa bila kibali, watakufunga."

"Kwa mti wangu?"

"Ni wako, ndiyo. Lakini kibali."

Shoka likarudishwa. Tukapika kwa majani makavu ya miwa, moshi ukawaliza hata wale ambao hawakumpenda marehemu. Obusuma, ugali wetu, ikaiva nje, ndani mbichi.

Wiki iliyofuata nilimuuliza naibu wa chifu. Akacheka.

"Mti mmoja wa matanga? Hapa nani aliwahi kuulizwa? Hiyo karatasi hata mimi haijaniingia. Niliibandika tu vile ililetwa."

Siku hiyohiyo ningekwenda Malava kumwambia senje. Sikwenda.

Nilifika mwezi uliopita. Senje alinichinjia kuku, akaniwekea firigisi, kipande cha mwenye heshima. Kisha akaniinamia, akauliza kwa sauti ya chini.

"Mwanangu, tawi la ule mti limelalia paa la jiko. Naruhusiwa kulikata?"

Nikairudisha firigisi sahanini. Nikachukua panga, nikalikata mwenyewe. Senje alisimama langoni muda wote, akichungulia barabara, asije mtu kunishika.

Mpaka leo sijamwambia.