Kadi Iliyobaki Msumarini

Ofisi yetu ya msaada wa sheria ilikuwa Mikindani, juu ya duka la dawa. Karibu na mlango kulikuwa na ubao wenye misumari, na kila msumari ulining'iniza kadi ya kesi moja. Faili zenyewe zilikuwa ndani ya kompyuta ya ofisi. Nyumba nyingi tulizoziendea hazikuwa na mtandao wa kutegemea, kwa hiyo anayetoka na kesi aliinakili kwenye laptopu yake, akaiondoa kadi msumarini na kwenda nayo. Kadi isipokuwepo, mwenzake hakuigusa faili ile mpaka aliyeichukua arudi na kuyaunganisha aliyoyaandika na yaliyomo. Utaratibu huo niliubuni mimi.

Kesi ninayoikumbuka ni ya mjane wa Likoni. Ndugu wa marehemu mumewe alitaka nyumba iingie katika mirathi, iuzwe. Mjane alisema mumewe alimpa nyumba ile akiwa hai na mwenye afya, ikawa hiba. Wakili wetu alitueleza kwamba maneno hayatoshi. Lazima kitu kiwe kimekabidhiwa, na awepo aliyeona kikikabidhiwa. Aliyeona na bado yu hai alikuwa jirani yao mmoja, mzee aliyewahi kuwa mshona kofia. Maelezo yake ya kwanza yalisema tu kwamba mjane ameishi pale miaka mingi. Kila mke huishi kwa mumewe. Nikatumwa nikamuulize zaidi.

Siku ile nilitokea nyumbani kwangu, Port Reitz. Faili nilikuwa nimeinakili jana yake. Nilishika barabara mpya ya Dongo Kundu moja kwa moja hadi Likoni, bila kupitia ofisini. Kadi ilibaki msumarini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa huku kwenye pazia, jua lisikupige kwenye kioo chako."

Alikuwa ameketi kitandani, mto mgongoni. Niliifungua laptopu, nikamuuliza nyumba ilikabidhiwaje.

"Alituita ukumbini, mimi na mkewe. Akasema, nyumba hini nimempa mke wangu tangu leo. Akautoa ufunguo mfukoni, akamtia mkewe mkononi. Kisha akatoka nje, akaufunga mlango, akabisha hodi." Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Nyumba kaijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, abisha hodi kama mgeni. Mkewe akamjibu karibu."

Niliandika kama alivyosema. Alivitazama vidole vyangu.

"Waandika upesi kuliko nisemavyo. Angalia isije ikasema kabla yangu."

Nilimsomea, akakubali. Nikamwambia nitarudi na karatasi iliyochapwa, pamoja na kamishna wa viapo, ili aape na kutia dole gumba.

Nilifika ofisini baada ya alasiri. Mwenzangu, mwanamke wa bara aliyeishi Changamwe miaka kumi, alikuwa ameiona kadi msumarini, akayafanyia kazi maelezo yale yale ya kwanza. Alikuwa ametia nambari kwenye aya na kunyoosha sentensi. Hakukosea. Nilipounganisha, programu iliziweka nakala mbili ubavu kwa ubavu, na kila zilipotofautiana ikaniuliza niibakishe ipi.

Mwenzangu aliinama begani kwangu akaisoma yangu. "Hini? Kiswahili chenu hiki mahakama itatafuta mkalimani."

"Kadhi ni wa huku huku," nikamjibu.

Hata hivyo, yake ilikuwa safi. Nikachagua yake kuanzia aya ya nne hadi ya tisa. Nilidhani habari ya ufunguo nimeiandika mwishoni. Nilikuwa nimeiandika katika aya ya sita. Programu ikaifanya nakala ya laptopu ifanane na ya ofisini, kama ilivyoundwa kufanya. Daftari la mkono nilikuwa nimeliacha tangu tulipopata laptopu. Nikachapa.

Baada ya siku tatu nilikwenda na kamishna. Mzee alikuwa amepatwa na kiharusi siku iliyotangulia. Mdomo ulikuwa umevutwa upande na hakuweza kusema. Binti yake alituambia anasikia vizuri, kwa hiyo nilisoma aya kwa aya, nikafika mwisho.

Mzee aliinua mkono wa kushoto. Alilibana dole gumba kwenye kidole cha shahada, akauzungusha mkono hewani. Akauzungusha tena. Kisha akagonga ubao wa kitanda mara tatu.

"Wataka maji, baba?" binti yake akauliza.

Niliitazama aya ya sita. Ilisema mjane ameishi katika nyumba hiyo miaka mingi.

"Ishara siwezi kuiapisha," kamishna akasema, akafunga kalamu yake.

Wakili nilimwambia yote. Hakunigombeza. Alisema, "Wewe umeyasikia kwake. Hukuyaona." Mjane pia nilimweleza mwenyewe, nimesimama mlangoni pake. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza kama nimekunywa chai.

Mzee alifariki kabla ya kesi kusikilizwa. Kadhi aliamua nyumba ni ya mirathi, mjane apate fungu lake pamoja na warithi wengine.

Asubuhi moja mjane alikuja ofisini. Aliweka ufunguo mezani kwangu, umefungwa uzi wa kijani.

"Shemeji asema hataupokea mkononi mwangu," akasema. "Basi naupitisha kwenu."

Niliinuka, nikaiondoa kadi yake msumarini, nikaiweka kando ya kompyuta. Mwenzangu aliacha kuandika. Nilifungua faili, nikaandika kwamba ufunguo mmoja wa mlango wa mbele umepokewa kutoka kwa mjane, naye ameutoa kwa mkono wake.

"Nisomee, mwanangu."

Nikamsomea.

"Ni hivyo," akasema, akauvuta mtandio wake begani na kushuka ngazi.